Nta Mbele ya Mkwe

Tangu kiharusi kimwangushe Sadoki, mkewe Yunisi hakuweza kumnywesha uji wa asubuhi bila kwanza kumpa habari za nyuki. Mzinga wake ulining'inia nyuma ya nyumba, karibu na dirisha la chumba alicholala. Akishaambiwa kwamba wametoka salama, hufungua mdomo. Asipoambiwa, kijiko kinagonga meno tu. Jambo jingine aliloshikilia ni haja. Hata abanwe vipi, alijizuia mpaka mdogo wake Damiano aje kumshika na kumpeleka chooni. Yunisi hakuruhusiwa hata kuuliza. Kwa hiyo mwanamke yule alikuwa na mume anayeishi kwa ajili ya nyuki, na nyuki wenyewe yeye aliwaogopa.

Mvua ilinyesha juma zima, na ukungu ukavilalia vilima vya Ileje usitake kuondoka. Alhamisi jua likatoka, na nyuki nao wakatoka wote kwa kishindo kama wanafunzi walioruhusiwa kwenda nyumbani. Ng'ambo ya ua, jirani yao Gwantwa alikuwa ameanika majoho meupe ya kwaya, tayari kwa kipaimara cha Jumapili.

"Mama Anna! Hebu njoo uone mambo ya nyuki wenu!"

Majoho yalikuwa yamejaa madoa ya njano, matone membamba yaliyojivuta kwenye kitambaa.

"Pole, dada. Hiyo ni nta tu."

"Nta gani hii inanuka? Sikia, nayafua upya. Nikikuta tone jingine, baba Rabson atauchoma huo mzinga kwa petroli, na usije ukalia." Kisha akalegea kidogo, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka kufua. "Wafungie basi, mpaka Jumapili ipite."

Neno hilo la nta Yunisi hakulitunga. Miaka ya nyuma mama yake alikuja kuwatembelea, na kanga yake ikadondokewa matone yaleyale. Mama huyo akauliza ni kitu gani. Sadoki, ambaye mbele ya mkwe hata kupiga chafya aliona ni utovu wa adabu, akatazama chini akajibu, "Ni nta tu, mama." Yunisi aliamini siku ile, na hakuna aliyemwambia vinginevyo. Basi mawazo yake yakawa mepesi: wakifungiwa, nta haitamwagika hovyo kwenye nguo za watu. Itabaki ndani, watajenga masega, na baba Anna atafurahi.

Jioni, nyuki walipokwisha kurudi, akaziba tundu la mzinga kwa maganda ya mahindi, akaacha upenyo wa hewa. Ijumaa asubuhi akamwambia mumewe, "Wametoka salama." Sadoki akanywa uji wote.

Jumamosi mvumo nyuma ya dirisha ukabadilika, ukawa mzito kama wa mgonjwa anayekoroma. Sadoki akageuza kichwa. "Fu... ngua," akasema kwa ulimi wa kuburuta.

Yunisi akafungua dirisha.

"Fungua!"

Akafungua na mlango. Hapo Sadoki akalia, yeye ambaye hakulia hata siku alipoanguka, na uji ukapoa kwenye kikombe. Asiseme mtu kwamba Yunisi hakuelewa. Alielewa vizuri sana. Ila alikumbuka majoho, akakumbuka petroli, akajiambia kesho si mbali.

Jumapili, ibada ilipokwisha, alikimbia nyumbani akavuta maganda. Harufu ikamrudisha nyuma. Nyuki wengine walitambaa nje matumbo yamevimba, wakaanguka majanini wakiacha michirizi ya njano. Waliobaki na nguvu walijikusanya kwenye ua, wakanyanyuka pamoja, wakaelekea mlimani upande wa Malawi. Ndani, masega yalikuwa yamepakwa uchafu uleule wa kwenye majoho. Yunisi akagusa, akanusa, akajipangusa kwenye majani. Chini ya mzinga, katikati ya mizoga, aliona vigamba vyeupe vyepesi, kama magamba ya dagaa. Akavichota pamoja na kipande cha sega, akaingia chumbani.

"Baba Anna, niliwafungia. Nilikudanganya. Wamekwenda."

Sadoki alilitazama sega. "Mavi," akasema, na neno lile likatoka wazi kuliko yote tangu augue. "Nyuki hanyi... kwake. Hujizuia... mpaka atoke."

"Lakini wewe ulisema ni nta!"

"Mama yako... alikuwepo."

Akaokota kigamba kimoja kwa mkono mzima. "Nta... hii." Neno moja moja, akimeza mate katikati, alimweleza: nyuki wachanga hula asali mpaka washibe, wakashikana miguu wakaning'inia kwenye joto, na nta ikawatoka chini ya tumbo kama jasho, ikakauka ikawa vigamba. Ndipo huitafuna na kujengea. Wakifungiwa na kuteswa hawajengi kitu. Yunisi alitamani mumewe amtukane, apate mahali pa kuweka uchungu wake. Sadoki hakumtukana. Aligeukia ukutani tu.

Ndipo Yunisi akasikia harufu ambayo haikutoka kwenye sega. Damiano alikuwa bado kwenye sherehe za kipaimara, na jua lilishapita utosini. Shuka lilikuwa limelowa.

"Kuna nini, baba Anna?" akauliza, ingawa alijua.

Sadoki akajibu akiwa bado ametazama ukuta.

"Nta tu, mama."

Yunisi akacheka, na machozi yakamtoka hapohapo akiwa anacheka. Akaliweka sega chini, akaenda jikoni kubandika maji.