Magoti ya Mama Mkwe na Gari la Umeme

Gari letu la zamani lilizimikia kwenye mataa ya Jeffersontown, karibu na ghala ninalofanyia kazi, likatoa moshi mweupe na halikuwaka tena. Mume wangu alipofika na jirani kunivuta, niliutazama uso wake nikajua kwamba ndiye mtu pekee katika Louisville nzima aliyefurahia msiba ule. Kwa muda mrefu alikuwa akitazama video za magari ya umeme mezani wakati wa chakula, akinieleza habari za betri ambazo sikumuuliza.

"Basi hatuna jinsi," alisema, akijitahidi kuonekana mwenye huzuni.

Mimi sikuwa na shida na umeme. Nyumba tuliyopanga mtaa wa Highview ina gereji yenye soketi kubwa, na safari zetu ni zile zile za kazini, shuleni, sokoni na kanisani. Shida ilikuwa magoti ya mama mkwe. Yeye ndiye aliyemlea mume wangu na mdogo wake katika kambi ya wakimbizi, kule Tanzania, akiwa peke yake, na magoti yake yamebeba maji na kuni za miaka mingi. Hawezi kupanda juu, hawezi kuketi chini sana. Tukakubaliana kwamba gari litakalomshinda yeye limetushinda sote.

Jumamosi ya kwanza, kwa gari la jirani, tulizunguka kwa wauzaji wa mjini, sisi wawili, mama, na watoto wetu wawili. Gari la kwanza lilikuwa chini kama mkeka. Mama aliingia vizuri kabisa, ila kutoka alishindwa. Mimi nilishika mkono mmoja, muuzaji akashika mwingine, tukamvuta huku yeye mwenyewe akicheka hadi nguvu zikamwishia, na kadiri alivyocheka ndivyo alivyozidi kuzama. La pili lilikuwa juu. Aliliangalia tu akamwuliza mume wangu, "Ngazi yake iko wapi, mwanangu?"

Ndipo mume wangu akapata habari za gari la tatu. Mkongomani mmoja wa Columbus, jimbo la Ohio, mtu wa milima ya Kivu Kusini, alikuwa akiuza lake kwa sababu mke wake alikuwa anatarajia mapacha na nafasi haitatosha. Shemasi wa kanisa letu alikuwa anakwenda Columbus kusalimia ndugu zake, akakubali kutuchukua. Nilimwuliza mume wangu tutarudi vipi tusipolipenda.

"Tutalipenda," alisema.

Tulifika asubuhi ya baridi. Mwenye gari alitupokea na chai ya maziwa, kisha akatutoa nje. Lilikuwa la buluu, si refu, si fupi. Alimfungulia mama mlango kwa heshima, akachanganya Kiswahili cha Kongo na Kifaransa.

"Bon, mama, ingia tu, usiwe na woga. Gari hii haina makelele. Donc, iko muzuri kwa mama muzee."

Mama aligeuka, akaketi kwanza, akaingiza miguu baadaye. Hakuna aliyemshika. Akatoka. Akaingia tena. Akatoka mara nyingine bila kuombwa, kama mtoto aliyegundua bembea.

"Sasa liwashe," alimwambia mwanawe.

"Limeshawaka, Mama."

"Usinidanganye."

Mume wangu akakanyaga. Mimi nilikuwa nyuma katikati ya watoto, na nakumbuka tumbo langu likibaki kwenye maegesho huku sisi wengine tukiwa tayari barabarani. Mama alishika kilemba chake kwa mikono miwili. Halafu sauti ikatoka kwenye kiti cha mbele ambayo sikuwahi kuisikia kwake tangu niolewe, kicheko chembamba cha msichana.

"Rudia," alisema.

Alirudia. Tena na tena. Kila mume wangu alipoinua mguu gari lilijizuia lenyewe, na kichwa cha mama kiliinama mbele kama anayeitikia mahubiri. Binti yetu, ambaye hujibu kila kitu kwa Kiingereza, alipiga kelele kwa Kiswahili kwamba Bibi anarukwa na akili. Tuliporudi, mwenye gari alikuwa amesimama mlangoni akitabasamu.

Makaratasi yalipokwisha, tulikuwa tuelekee kusini, nyumbani. Mama akafunga mkanda, akauliza kwa upole, "Buffalo ni mbali na hapa?"

Buffalo ndiko anakoishi mdogo wa mume wangu. Mke wake alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na mama alikuwa amemwona mjukuu huyo kwenye simu tu, kwa sababu basi la masafa marefu lilimtesa magoti. Mimi na mume wangu tulitazamana. Shule zilikuwa zimefungwa. Nilipiga simu ghalani nikaomba siku mbili, nikapewa, na kabla sijaikata simu mume wangu alikuwa ameshageuza gari kuelekea kaskazini.

Tulicheka karibu Ohio nzima. Hatukuwa na nguo za kubadilisha wala mswaki, tulikuwa na maharage kwenye themosi na mkate wa mwenyeji wetu. Kwenye kituo cha kuchajia, nyuma ya duka kubwa, tulikula tukiwa tumesimama huku theluji nyepesi ikianguka. Mama alipoambiwa kwamba gari nalo linakula, alisema basi tuliombee chakula, akaliombea kweli, mkono juu ya boneti. Mzungu aliyekuwa akichaji pembeni alivua kofia.

Tulipokaribia Buffalo, kando ya ziwa kubwa, upepo ulitupiga, na namba ya maili zilizobaki kwenye betri ikaanza kushuka upesi kuliko njia. Mume wangu akazima hita kuokoa umeme. Tukajifunika blanketi moja ambalo mwenye gari alikuwa amelisahau kwenye buti, na mwanangu akawa anatusomea ile namba kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Niliogopa, lakini mama alianza kuimba, nasi tukaitikia, na hofu ikakosa nafasi.

Shemeji yangu alifungua mlango akiwa na mtoto begani. Hakuwa ameambiwa kitu. Alimwona mama yake ameshuka mwenyewe kutoka kwenye gari la buluu. Mama alipita mbele yake, akamchukua mtoto na kuingia ndani.

Gari tulilichomeka kwenye soketi ya kawaida ya barazani. Asubuhi yake mume wangu alitoka kulitazama, akarudi akitikisa kichwa.

"Limejaa kidogo tu, Mama. Soketi hii ni polepole sana."

Mama alikuwa sebuleni, mjukuu amelala kifuani pake. "Tutafanyaje? Tungoje lijae," alisema. Hakuonekana kusikitika.

Nilimfuata mume wangu jikoni. Usiku ule tulikuwa tumepita kituo cha kuchaji haraka, mitaa michache tu kutoka hapo, na nilijua alikiona. Alijimiminia chai bila kunitazama.

"Soketi ni polepole," alirudia.

"Polepole sana," nilisema, nikaenda kupiga simu ghalani kuomba siku nyingine.