Maji Chini ya Petroli

"Rudi na mzee wako, mama. Hii mambo ya gari nitaongea na yeye."

Meneja wa kituo cha mafuta aliniambia hivyo huku akichovya andazi kwenye chai, na hapo uvumilivu wangu ukaisha. Nilikuwa na mtoto mgongoni na chupa ya plastiki mkononi. Niliifungua nikaiweka karibu kabisa na kikombe chake.

"Gari ni langu," nikamwambia. "Na huu uchafu ni wako. Nusa."

Akaacha kutafuna.

Gari hilo ndilo linatulisha. Kila asubuhi nachukua maziwa kwa wakulima wa Kianjokoma na kuyashusha Embu mjini, kwa hoteli ndogo za chai. Maziwa hayangoji mtu. Asubuhi hiyo nilijaza mafuta kwa huyo meneja, na sikufika mbali. Gari lilikohoa, likarukaruka, likazima kwenye kilima na kukataa kabisa.

Fundi alikuja na pikipiki. Aliingiza mpira kwenye tangi, akavuta kwa mdomo, akatema, akajaza chupa na kuniambia niitazame ikitulia. Petroli ilipanda juu. Chini yakabaki maji ya rangi ya kutu, yenye utelezi kama kamasi. Petroli kidogo ilinirukia kwenye blauzi. Mtoto alipolia nikamnyonyesha, naye akageuza uso, akatapika. Nilinawa mpaka ngozi ikauma, harufu ikakataa kutoka. Mtoto wangu akinikimbia kwa sababu nanuka gari! Mpaka leo nikikumbuka nataka kutema mate.

Maziwa yaliganda kwenye mitungi. Yalinywewa na nguruwe wa jirani. Mama mmoja wa hoteli aliniambia bila kuficha kwamba ameshachukua ya mtu mwingine, na nikichelewa tena nisijisumbue kurudi.

Sasa meneja naye akaanza kunifundisha. Eti sisi watu wa kuweka mafuta kidogo kidogo, tangi zetu hulala karibu tupu, zinatoa jasho ndani, kwa hivyo hayo maji nimeyaleta mwenyewe kutoka nyumbani. Ni kweli tunaweka kidogo kidogo, nani hapa hujaza tangi? Lakini jasho gani hilo lina matope?

Mwenye boda boda aliyekuwa akisubiri kwenye pampu alichungulia chupa. "Bosi, kumbe siku hizi mnauza supu?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeona jambo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na wakati najaza mafuta, mfanyakazi wake alikuwa akiosha uwanja, akisukuma maji machafu kwa ufagio juu ya kifuniko cha tangi lao la chini ya ardhi. Kifuniko kilikuwa kimekaa upande. Nilikiruka na mtoto mgongoni, sikufikiria kitu.

Sikuleta mzee. Nilifunga chupa nikaipeleka kwa ofisi ya serikali inayosimamia mafuta, fundi akaja kuwa shahidi. Niliandika hivi:

"Nalalamika kwamba kituo hiki kiliniuzia petroli yenye maji machafu. Chupa ni hii. Kifuniko cha tangi lao hakifungi na wanaoshea uwanja juu yake. Naomba pampu ifungwe mpaka tangi lipimwe, na nilipwe maziwa yangu yaliyoharibika. Mwenye gari ni mimi. Mkiwa na swali, niulizeni mimi."