Breki ya Elmina Haikukatika

Ukungu bado umelalia mashamba ya chai nje kidogo ya Silibwet, Kaunti ya Bomet, lakini Elmina Chepkosgei tayari anakanyaga pedeli. Baiskeli yake haina magurudumu wala haiendi popote. Ameichomelea juu ya vyuma ukingoni mwa barabara, na kila anapokanyaga, waya unajizungusha kwenye pipa na kuvuta gunia la majani chai kutoka bondeni.

Gunia linafika juu likiyumba. Elmina anafunga breki, anashuka, anaikagua kwa mkono, kisha anaikagua tena kabla ya kulifungua gunia.

"Siku hizi siamini mtu karibu na hii kitu," anasema bila kutabasamu. "Ukiona nimekunja uso, usifikirie ni baridi."

Elmina ni fundi wa kuchomelea. Milango na madirisha ndiyo yanayomlisha, lakini mitambo ndiyo inayomnyima usingizi. Aliwahi kuunda mlango wa banda la kuku wa kujifunga wenyewe, ukawafungia kuku nje na paka ndani. Majirani walicheka hadi wakatoa machozi. Tangu hapo wanamwita Injinia, na si kwa heshima.

Mtambo wa kuvuta chai haukuanza kwa mzaha. Mama yake, Chemutai, aliteleza kwenye mteremko huu akipeleka majani kwenye kituo cha kupimia, kikapu kizito mgongoni. Akavunjika nyonga. Mpaka leo anatembea kwa fimbo.

"Nilimbeba mimi mwenyewe kutoka kule chini," Elmina anasema. "Nikajiambia, hii kilima haitanivunjia mtu mwingine."

Alitafuta waya na vyuma chakavu, akatoa breki kwenye pikipiki iliyokwisha kazi. Alikosea mara nyingi kabla mtambo haujakubali. Ulipokubali, jirani yake Rodah akawa wa kwanza kuleta magunia. Wengine wakafuata, wakicheka, lakini wakileta.

Mwaka jana alifika kijana wa kutengeneza filamu kutoka Kericho, Calvince Oketch, na wenzake wawili. Alimwambia Elmina kwamba anataka kuonyesha kazi ya akina mama wabunifu.

"Aliniita madam. Alikunywa chai kwangu. Nikavaa nguo ya kanisa," anasema Elmina.

Gunia lilikuwa katikati ya mteremko alipoombwa ashuke kwenye baiskeli, aitazame kamera na kueleza alivyoanza. Akafunga breki, akashuka. Alikuwa bado anazungumza aliposikia waya ukilia nyuma yake. Gunia lilirudi bondeni kwa kasi na kumgonga Rodah, aliyekuwa chini akijaza gunia lingine. Mkono wake ukavunjika.

Kijiji kizima kilisema breki ya Injinia imekatika. Rodah naye aliamini hivyo. Kwa miezi, wakikutana njiani, alitazama pembeni. Magunia yalirudi migongoni mwa watu.

"Niliifungua ile breki yote, nikaangalia kila kitu," Elmina anasema. "Ilikuwa nzima. Lakini nani angeniskiza? Hata mimi nilianza kujishuku."

Kisha Calvince akaileta filamu Silibwet, ikaonyeshwa Jumapili alasiri katika ukumbi wa mtaa. Haikuwa habari ya akina mama wabunifu. Ilikuwa vichekesho vya kijiji chenye mvumbuzi asiyefaulu lolote, na mvumbuzi huyo alikuwa Elmina, na nguo yake ya kanisa. Gunia lilipomwangusha Rodah, walikuwa wameongeza sauti ya tarumbeta. Ukumbi ukaangua kicheko.

Elmina hakucheka. Pembeni mwa picha, nyuma ya mgongo wake, alikuwa ameona mtu amechutama na mkono wake uko kwenye breki.

Akasimama mbele ya kitambaa cha kuonyeshea filamu, picha zikimwangukia usoni. "Rudisha hapo," akamwambia Calvince. Watu wakacheka zaidi, wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Ndipo Rodah aliposimama kutoka viti vya nyuma.

"Amesema rudisha," Rodah alisema. "Huo mkono ulivunjika ni wangu."

Picha ikarudishwa. Safari hii tarumbeta ililia peke yake. Kila mtu aliona mmoja wa wenzake wa Calvince akiilegeza breki, kisha akijificha nyuma ya pipa.

"Mama, ilikuwa komedi tu," Calvince alisema. "Hatukujua kuna mtu chini."

"Hukuuliza," Elmina akamjibu. "Ulikunywa chai yangu, ukakosa kuuliza kitu moja."

Calvince aliomba msamaha pale ukumbini na kuahidi kukata kipande hicho. Hajakikata. Mwandishi alipompigia simu, alisema ndicho watu wanachokipenda zaidi, na kwamba anafikiria.

Rodah anasimulia hayo akikunja mkono ambao haunyooki sawasawa. "Mimi nilimnunia Chepkosgei bure, na yeye ndiye alikuwa ananifikiria," anasema. "Hiyo inaniuma kuliko mfupa."

Wawili hao wamepeleka malalamiko kwa chifu. Wanataka kipande hicho kiondolewe na matibabu ya Rodah yalipwe. Na hawajakaa kusubiri. Nguzo za waya wa pili zimeshachimbiwa mashimo upande wa shamba la Rodah, ambako mteremko ni mkali zaidi, na Elmina anaunda sanduku la chuma la kufunika breki kwa kufuli.

Anapoulizwa kama atakubali tena kupigwa picha mtambo wa pili ukianza, anapanda kwenye baiskeli na kuanza kukanyaga.

"Mwenye kamera akuje," anasema. "Lakini kwanza ashuke kule chini, abebe gunia na mgongo mpaka hapa juu. Akifika, tutaongea."