Bastola Iliyolenga Mchana Tu

Siku yangu ya kwanza katika ghala la silaha la polisi, Sajini Mkuu alinipa bastola iliyofunguliwa vipande, akasema, "Irudishe ilivyokuwa, na usinibakishie kitu mezani." Nilimbakishia springi. Alicheka mpaka, wallahi, meli za bandarini Kilindini zikamjibu kwa honi.

Nikawa fundi, nikapelekwa bara, nikarudishwa kisiwani. Kila Inspekta niliyemkuta alikuwa na dawa moja ya bastola isiyolenga: laumu mkono.

Ndivyo alivyofanyiwa Koplo Zuhura. Kila asubuhi kiwanjani risasi zake zilitawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Inspekta wa mafunzo akampa jaribio moja la mwisho, kesho yake. Akikosa, ahamishiwe mpakani kaskazini. Na nyumbani Kibokoni alikuwa na mama mgonjwa, asiye na mwengine wa kumuuguza.

"Fundi, nitazamie," aliniomba. "Mkono wangu hautetemeki."

Mchana ule sikukaa kitako. Nilikagua vilengeo, zile alama mbili za juu: vimekaza. Nikamulika mtutu: mifereji ya ndani inayoizungusha risasi, safi. Nikaiegemeza bastola juu ya mfuko wa mchanga, nikafyatua. Risasi zote zikapita tundu ambalo ungeliziba kwa donge moja la kaimati! Basi mchana inalenga, na asubuhi haioni hata ukuta? Nilijigeuza kitandani mpaka godoro likaomba ruhusa.

Kulipokucha nilikimbilia kiwanjani, upepo wa kusi unavuma baridi. Nikavuta slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi itokapo, nikaiachia. Ikarudi kivivu, ikasimama unene wa ukucha kabla ya kufunga. Mtutu usiokaa mahali pamoja hautupi risasi pamoja. Nikanusa. Bastola inanukia mkate wa kinu!

"Zuhura, umeipaka nini?"

"Mafuta ya nazi. Mama asema ndiyo yanayozuia kutu ya bahari. Cherehani yake haina hata doa."

"Mwanangu! Asubuhi za kusi mafuta ya nazi si huganda? Chupa ya nyumbani hamuianiki juani yayeyuke?"

Akashika kichwa. "Ya Rabbi!"

Nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikaifuta, nikatia tone la mafuta ya bunduki. Inspekta alikuwa ashaanza kuliita jina lake nilipomtia Zuhura bastola mkononi. Zuhura akafyatua. Zote katikati.

"Hiyo ni bastola iliyopona," Inspekta akanung'unika, "si wewe."

"Na ilipokosa, afande, aliyekosa alikuwa nani?" Zuhura akamuuliza.

Inspekta akaikunja karatasi ya shabaha, akaenda zake. Wala hakumhamisha.

Sasa nimestaafu, na kustaafu kumenishinda. Nazunguka ufukweni Mama Ngina mpaka wauza mihogo wanauliza nimepoteza nini. Vijana wakija kuniuliza kazi, nawaambia wamuulize kwanza mwenye bastola ameitunzaje, ndipo waulize mkono wake. Mwaka jana mamake Zuhura alifariki, nikaenda Kibokoni kutoa mkono wa tanzia. Zuhura aliniketisha, akaniambia neno moja tu:

"Nilikuwapo, fundi. Maji ya mwisho nilimnywesha mimi."