Nilidhani Fundi Ananitania Kuhusu Breki

Kosa ni langu, siyo la fundi. Nimechelewa kulisema, najua, na nina hasira na mdomo wangu huu!

Mimi ni Mchaga, mama wa mtoto mmoja, naishi Magomeni. Baba mtoto alishaondoka. Kila asubuhi napeleka chapati kwenye maduka ya Kariakoo kwa baiskeli ya gia, ile ya matairi ya meno, mwanangu kwenye kiti cha nyuma. Mji wote huu aliyekuwa ananichekesha ni mmoja tu: fundi baiskeli wangu, Mpare. Mtani wangu, maana Wachaga na Wapare ni watani; nikifika tu kibandani kwake ananiita mangi, kama machifu wetu wa Kichaga:

"Mangi wa kike kafika, ficheni pochi!"

"Nyamaza, bahili! Unakunywa chai kwa kunusa sukari!"

Basi, siku imeanza.

Usukani wangu ulikuwa mpana, unagonga mikokoteni vichochoroni. Nikataka ule uliopinda chini kama pembe za kondoo dume. Akafunga. Ikaja zamu ya kuchagua mikono ya breki. Nikaipenda ile myembamba, inayong'aa.

"Hiyo inavuta waya kidogo," akasema. "Breki zako za kubana rimu zinataka waya uvutwe sana. Hazitashika. Chukua hii myeusi."

"Mpare! Unanipa uchafu uliokudodea!"

"Leo sitanii, Mama Junior."

Nikacheka! Mtani akisema hatanii, si ndiyo utani wenyewe? Nikamsakama mpaka akaifunga. "Basi usimpakie mtoto," akasema. Nikacheka tena.

Kesho yake, karibu na Mnazi Mmoja, mkokoteni ukakatiza mbele yangu. Nikabana breki mpaka mikono yake ikagusa usukani. Baiskeli haikusimama! Tukaugonga, tukaanguka, mwanangu akavunjika mguu.

Watu wakauliza, "Nani kakufungia breki hizi?" Nikawatajia jina lake, nikawaonyesha na kibanda chake pale jirani. Wakamtukana, wakampindulia boksi la spana. Aliokota spana zake. Hakusema alinionya. Na mimi nikanyamaza!

Mguu umepona. Nilirudi kumwomba radhi. Akanifungia ile myeusi, akaijaribu mara tatu. Inashika.

"Karibu tena, dada."

Dada! Nikamchokoza kuhusu sukari. Akatabasamu kama kwa mteja yeyote, akainamia gurudumu la mtu mwingine.

Sasa napita na chapati zangu, hakuna anayeniita mangi.

Wenzangu, mtani akikwambia leo hatanii, shusha mtoto, msikilize. Na ukikosea, sema palepale, mbele ya watu walewale. Mimi nimekuja kusema hapa, na wao hawapo.