Masika ya Kwenye Kompyuta

Niliporudi Dar safari hii, baada ya kuhangaika Tunduma, Kahama na kwingine nisikotaka kukumbuka, nilifikia kwa mama mdogo, Temeke, kwenye bonde lile lile nililokulia. Kisima chake kilikuwa bado kipo pembeni ya matuta ya mchicha. Utotoni nilikuwa napiga magoti pale na kunywa kwa kifuu. Maji yalikuwa baridi, yana ladha ya mchanga. Kila mji niliokaa niliyatafuta maji yale, sikuyapata.

Nikapata kibarua kwenye ofisi moja ndogo ya Mabibo, inayopima dawa za wadudu kabla hazijaombewa kibali. Kazi yangu ilikuwa kubeba: udongo, chupa za maji, chai. Mtaalamu, dada niliyemzidi umri, ndiye aliyekaa na kompyuta. Aliniambia humo ndani anajenga shamba, tabaka kwa tabaka, kisha anamwaga dawa juu na kunyeshesha mvua ya miaka mingi kwa asubuhi moja, aone ni kiasi gani kitashuka hadi kwenye maji ya chini. Kikivuka kiwango, kibali ni shida.

Dawa tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mboga za majani. Mama mdogo aliisubiri kuliko mtu yeyote. Viwavi walikuwa wanammalizia matuta, na dawa anayonunua mtaani, ya kupimiwa kwenye chupa isiyo na lebo, hawaiogopi tena. Udongo wa kupima niliuchimba kwake.

"Chimba baba, ila usinikanyagie mchicha," alisema. "Na huyo bosi wako mwambie afanye haraka, mie nalima, silei viwavi."

Mara ya kwanza kompyuta iliipitisha. Nilifurahi, nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi, mtaalamu alikuwa bado anaukodolea macho mstari wa kwenye skrini, unaoonyesha dawa inavyoshuka.

"Kaka, huko bondeni wakishapiga dawa wanafanyaje?"

"Wanapiga jioni. Asubuhi wanaosha."

"Wanaosha nini?"

"Mchicha. Wanaumwagia maji keni kwa keni mpaka tuta linatota. Jani likiwa na madoa meupe, wachuuzi hawaligusi."

Akavua miwani, akajisugua macho. "Mie nimeweka umwagiliaji wa kawaida. Hiyo sasa ni masika, kaka. Masika kila wakipiga dawa."

Akaiingiza masika ile. Mstari ukapanda, ukapita kiwango, ukaendelea kupanda. Akarudia, ukapanda tena. Sikubisha. Mchanga ule naujua, na kamba ya ndoo ya kisima kile ni fupi, maji hayako mbali.

Uamuzi wa kibali ulipotoka, dawa ilikubaliwa kwa mazao mengine. Kwa mboga za mabondeni ilikataliwa.

Nilimkuta mama mdogo ameinama kwenye matuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Dawa yangu iko wapi?"

"Imekataliwa kwa mchicha. Kompyuta imeonyesha itashuka kisimani."

"Kompyuta yenu inakula mchicha?" Akanyoosha mgongo taratibu. "Basi ije itoe viwavi." Kisha akainyanyua ile chupa isiyo na lebo. "Na hii ninayopiga siku zote, mliiweka humo?"

"Hapana. Hiyo hakuna aliyeiombea kibali."

"Kwa hiyo hii ndiyo haishuki."

Hakucheka. Wote wawili tukakitazama kisima, ambamo asubuhi ile ile tulikuwa tumechota maji ya chai.

Begi langu lilikuwa bado limefungwa tangu nilipofika. Nilipanga kwenda Tanga. Badala yake nikachukua ndoo, nikapanda mlima mpaka kwenye bomba la kulipia, nikarudi na maji ya kunywa. Kesho yake nikaenda tena. Maji ya kisima yakabaki ya mchicha, na mchicha, kama kawaida, ukaoshwa na kwenda sokoni.

"Utachoka," mama mdogo aliniambia nilipotua ndoo.

"Nimeshachoka," nikasema, nikaomba ndoo ya pili.