Mwinyi wa Komwe

Mji wa kwanza niliobuni ulikuwa na theluji juu ya mapaa, na mimi sijaona theluji maishani isipokuwa ile inayoganda kwenye friza ya duka la samaki. Ulikuwa na ngome, mazimwi yenye mabawa, na baa ambamo wasafiri hukutana wakinywa pombe ya asali. Niliuandika kwa lugha ambayo wenzangu wa duru za fasihi wangeililia machozi, kisha Jumamosi moja alasiri nikawasomea wachezaji wangu watatu, kwenye daka la nyumba ya rafiki yangu, kile kibaraza cha mlangoni, hapa Lamu. Nilipofika kwenye aya ya mwezi unaomwaga fedha juu ya barafu, mmoja wao, dada mzaliwa wa Kiunga anayeuza kwenye duka la dawa, aliinua mkono.

"Mlango uko wazi au umefungwa?"

"Mlango gani?"

"Wa hiyo baa. Tumesimama nje tangu ulipoanza kusoma."

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza na mgumu kuutetea. Mtu mmoja, mwamuzi, anasimulia dunia. Wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini ndani yake. Pakiwa na shaka, bahati inaamua. Yako madhehebu mengi, na mimi nilikuwa wa madhehebu ya kale, yanayoamini kwamba mhusika hachaguliwi: unachota bahati yako, unaipokea ilivyo, na ukifa umekufa. Mtandaoni wafuasi wa madhehebu haya ni watu wazima wenye ndevu wanaotukanana kuhusu uzito wa kibuyu cha maji. Mimi nami nilikuwa na rai yangu kuhusu kibuyu. Niliiandika kurasa kadhaa.

Theluji ilipoyeyuka kwa kicheko, niliamua kubuni dunia ya kwetu: mji wa visiwani uliozama nusu, ambao watu wake walikimbia wakaacha milango imerudishwa. Badala ya kushuka mashimoni, kama ilivyo kwenye vitabu vya wenzetu, wachezaji wangu wangeingia nyumba kubwa ya mawe. Wangeanza dakani, wavuke tekani nyuma ya mlango, kiwanda yaani ua wa katikati, misana yaani kumbi ndefu, hadi ndani kabisa, na kila kizingiti kingekuwa cha hatari kuliko kilichotangulia. Niliona nimegundua jambo kubwa. Rafiki yangu alisema hiyo ni nyumba yao tu, bila feni.

Niliandika kanuni ya punda: ukikutana naye kichochoroni amebeba mawe, punda anapita kwanza, hata kama unafukuzwa. Niliandika orodha ya majini, nikaifuta, kwa sababu rafiki yangu hakutaka watajwe mlangoni kwao. Ikabaki orodha ya "Wale" wa daraja la kwanza, "Wale" wa daraja la pili, na kuendelea. Ilikuwa inatisha kuliko ile ya awali, ingawa sifa hiyo si yangu.

Dadu zilikataliwa siku ya kwanza. Sauti ilitoka nyuma ya mlango: "Kamari siitaki dakani mwangu." Alikuwa bibi wa rafiki yangu, mwenye nyumba, ambaye hatukuwahi kumwona. Alikaa tekani, upande wa pili wa mlango, akichambua mchele na kusikia kila neno. Nikaleta kauri za baharini. "Na ramli pia siitaki." Nikaleta komwe, zile mbegu za kuchezea bao, nikaziandika nambari, tukawa tunazichota kwenye kofia. Mlango ukanyamaza. Karata, naongeza tu, zinachezwa barazani mtaa wa pili na wazee wenye tasbihi mfukoni, lakini wao hawana mwamuzi aliyesoma fasihi.

Daka ni mahali pa wageni. Una mabenchi yako ya mawe huku na huku, una kivuli, unakaribishwa kwa heshima zote, na mlango mkubwa uko mgongoni mwako. Kila Jumamosi mlango huo ulifunguka kiasi cha mkono kupita, na mkono wenye hina ukasukuma sinia ya kahawa. Vikombe viwili vya kaure vyenye ukingo wa dhahabu vilikuwa vya rafiki yangu na dada wa Kiunga, ambaye shangazi yake aliolewa nyumba ya jirani. Mimi, mjukuu wa fundi cherehani, nililetewa bilauri. Kikombe cha nne kilikuwa cha plastiki, cha buluu, mdomo wake umeungua upande mmoja. Hicho kilikuwa cha mwalimu.

Mwalimu alitoka bara. Alikuwa amewafundisha hesabu watoto wa mji huu muda mrefu kiasi kwamba wanafunzi wake wa kwanza walishaoa, wakamwalika harusini, akaketi nje chini ya turubai. Hakuna aliyemkosea adabu. Hakuna pia aliyewahi kumwambia avuke daka lolote. Hakulalamika. Alikigeuza tu kikombe, upande ulioungua ukatazama ukuta.

Basi nikaandika Jedwali la Nasaba. Kwenye vitabu vya wenzetu jambo la kwanza unalochota ni nguvu za mwili. Nikasema hapa kwetu hakuna anayekuuliza unabeba magunia mangapi. Anakuuliza wewe ni wa nani. Kwa hiyo mchoto wa kwanza ungeamua ukoo: komwe ya chini kabisa ni Hajulikani, na ya juu kabisa ni Mwinyi, ambaye babu yake alijenga msikiti. Nilijiona jasiri sana nilipoandika hayo. Niliyaandika kwa wino wa kijani.

Dada wa Kiunga alichota mwana wa mvuvi. "Nimehangaika kutoka kote kule nije nichote nyumbani," alisema, akanywa kahawa yake. Rafiki yangu akatia mkono kofiani, akatoa komwe ya chini kabisa.

"Nachota tena," alisema.

"Hairudiwi. Unapokea ilivyo."

"Mimi sijulikani? Bwana, kaulize hata punda wa mji huu."

"Si wewe. Ni mhusika wako."

"Mhusika wangu hawezi kukosa babu. Mpe hata babu mmoja mlevi, nitamvumilia."

Mwalimu naye alikuwa akiitazama komwe yake, ya juu kabisa, kama mtu aliyeokota pete njiani. "Kwa hiyo mimi babu yangu ana msikiti?"

"Ana msikiti."

"Sawa." Akamgeukia rafiki yangu. "Sogea kidogo basi, boss. Umekalia mahali pangu."

Nyuma ya mlango, ungo wa mchele ulinyamaza.

"Mwinyi ni nani yeo?" sauti ikauliza. Kwake leo ni yeo.

"Ni mimi, Bi mkubwa," mwalimu akajibu.

Sinia ilipotoka, kikombe cha kaure kilikuwa kimewekwa upande wake. Cha plastiki kilikuwa mbele ya rafiki yangu.

"Bibi! Mimi mjukuu wako!"

"Mjukuu wangu simsikii hapo. Nasikia mtu hayulikani."

Katika wafuasi wote wa madhehebu ya kale niliowahi kusoma, hakuna aliyeshika kanuni kama yule mwanamke. Ila tuseme na hili pia: mchezo ulipokwisha, rafiki yangu aliingia ndani kwao akanywa kaure kama kawaida. Mwalimu hakuwa na ndani ya kwenda. Alishuka zake kwenye chumba chake cha kupanga.

Tangu siku hiyo sote tulijua mwalimu anachezea nini. Mwinyi akiwa hai, kaure inakuja. Akifa, haiji. Akamlinda kama yai. Hakugusa sanduku, hakuonja tunda, hakukanyaga sakafu ambayo Hajulikani wa rafiki yangu hajaikanyaga kwanza. Kanuni zangu zilimtaka Mwinyi amalize salamu zote katika kila mlango, wakati Hajulikani, asiye na wa kumsalimu, anapenya tu. Nilidhani nimeweka mzaha. Mwalimu alizisoma salamu zile kwa bidii ya mtu anayejiandaa kwa mtihani, za asubuhi, za alasiri, za aliyetoka safari, na akaanza kuzipeleka mtaani. Wauza samaki walimwitikia wakicheka, halafu wakawa wanamwitikia tu.

"Mwalimu," dada wa Kiunga alimwambia, "huyu Mwinyi wako atakufa kwa uzee hapo mlangoni. Sisi tumeshakuwa matajiri huku."

"Nyinyi endeleeni. Bado namuuliza bawabu habari za mbuzi wake."

Mimi ndiye niliyechoka. Nilikuwa nataka msiba, jambo la kupasua moyo, na mtu wangu wa kupasua alikuwa anaulizia mbuzi. Kwa hiyo nikaandika mlango wa mwisho, wa ndani kabisa. Nyuma yake niliweka sauti, na sauti ilikuwa ya Wale, wa daraja la juu kupita yote. Madhehebu ya kale hayaruhusu kuua kwa hila, kwa hiyo dalili niliziweka waziwazi: kizingitini kuna viatu vingi vimevuliwa, vyote vimeelekea ndani, vyote vina vumbi.

Dada wa Kiunga aliuliza kwanza, "Wenye viatu wako wapi?"

"Hujui."

"Basi mimi sivui changu."

"Mimi nimelala kiwandani," rafiki yangu alisema. "Sijulikani, sikualikwa, nalala."

Mwalimu alikiweka chini kikombe chake cha kaure. Kisha akasema, "Hiyo sauti imesema nini?"

"Imesema, karibu ndani."

"Imemwambia nani?"

"Wewe. Mwinyi."

"Sema tena."

"Karibu ndani."

"Navua viatu," mwalimu akasema.

"Mwalimu! Utakufa, wallahi!" Dada wa Kiunga alisimama kabisa, kahawa ikamwagika kwenye ramani yangu. "Viatu vina vumbi! Hujasikia vina vumbi?"

"Nimesikia. Lakini nimekaribishwa. Nikatae vipi?"

Nilimnyooshea kofia. Nilitamani achote komwe yoyote isipokuwa ile ya kifo, na naapa nisingejua la kufanya kama angeichota. Akatoa ya chini kabisa.

Nyuma ya mlango Bi mkubwa alisema "Inna lillahi," kwa sauti ileile ambayo angemsemea jirani aliyekufa. Kahawa haikutoka tena siku hiyo.

Msiba wangu mzuri haukudumu hata dakika. Mwalimu ndiye aliyeuvunja.

"Ana mtoto. Mtoto anarithi."

"Mtoto anachota upya," rafiki yangu akasema.

"Damu haichotwi kwenye kofia! Mwinyi huzaa mwinyi. Wewe mwenyewe ulisema mtu hawezi kukosa babu."

"Nilisema zamani. Kanuni ni kanuni, mwalimu. Komwe haina upendeleo."

Mwana wa nyumba ya mawe alikuwa anatetea kofia, na mgeni anatetea damu, na wote wawili walikuwa wanayasema kwa moyo safi. Kisha wakanitazama mimi. Nilifungua karatasi zangu. Zilikuwa na kurasa za kibuyu, kanuni ya punda, na wimbo wa mji uliozama wenye beti zisizokwisha. Juu ya mirathi hapakuwa na neno.

"Marehemu alikuwa na mke?" mlango ukauliza.

Tukatazamana. Wakati wote ule, hakuna aliyekumbuka kumwoza.

"Hana, Bi mkubwa," mwalimu akasema. "Lakini angeweza kuoa. Mwinyi mzima!"

"Angeozwa na nani?"

"Na watu wa mji. Babu yake ana msikiti."

"Alikuwa mwinyi wa komwe, mwanangu."

Alisema kwa upole kabisa. Ungo ukaanza tena.

Jumamosi iliyofuata mwalimu alichota mpagazi. Rafiki yangu naye alitangaza kwamba Hajulikani wake ameamka, ameokota kilemba cha marehemu kizingitini, amejifunga, na kumbe ni nduguye aliyepotea utotoni. Nilipinga. Nikasoma kanuni kwa sauti. Sinia ilitoka kabla sijamaliza, na kaure ikarudi kwa rafiki yangu. Bi mkubwa alimtambua yule ndugu aliyepotea upesi kuliko alivyowahi kuitambua komwe yoyote. Kikombe cha plastiki kilikuwa mbele ya mwalimu. Safari hii alikigeuza upande ulioungua ukatutazama sisi.

Nilidhani hatarudi. Nilishaanza hata kutunga sentensi za huzuni kuhusu kiti chake kitupu, na zilikuwa zinakuja vizuri.

Alirudi wiki iliyofuata, kwa wakati, akiwa na kikombe cha bati mkononi, kile kikubwa cha shuleni wanachonywea watoto uji, kimebanduka rangi chini. Hakutia mkono kofiani. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango mkubwa, akatoa salamu ya alasiri yote, mwanzo hadi mwisho, bila kukosea, akakiweka kikombe kwenye kizingiti.

"Nani yeo?" sauti ikauliza.

"Mwalimu."

"Mwalimu wa nini?"

"Wa hesabu, Bi mkubwa. Nimekuja na kikombe changu."

Mlango ulifunguka kiasi chake. Mkono wenye hina ulitoka, ukakaa juu ya bati bila kuligusa. Rafiki yangu alikuwa ameinamisha kichwa, anasoma kanuni zangu kwa mara ya kwanza tangu niziandike. Mkono ukarudi ndani. Ukatoka tena na dele la kahawa lenyewe, si sinia, ukaanza kumimina. Tulisikia kahawa ikipanda kwenye bati. Ulimimina, ukaendelea kumimina, hadi dele likainamishwa kabisa na likatoa tone, halafu hewa.

Rafiki yangu alinyoosha shingo. "Bibi, na sisi?"

"Nyinyi zikombe zenu ni zidogo," mlango ukasema. "Zitasubiri."

Mwalimu alikinyanyua kikombe kwa mikono miwili, akarudi akaketi mahali pa Mwinyi, na hakuna aliyemwambia asogee. Mpagazi wake hakuingia nyumba yoyote siku hiyo. Kila zamu ilipomfikia, mwalimu alisema mtu wake yuko mapumzikoni, anakunywa kahawa.